Majiko Ishirini na Saba

Watu walimwita Pilika, kwa ajili ya pilikapilika zake, na jina lilimganda mpaka lile alilopewa na wazazi likabaki kwenye kadi ya kliniki tu. Hakuna aliyewahi kumkuta amekaa. Ukimkuta anakula, amesimama mlangoni na bakuli mkononi. Ukimkuta anazungumza na wewe, jua mguu mmoja uko kwako na wa pili umeshaondoka. Mumewe, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache na vidole vyeusi kwa grisi, alipenda kusimulia kwamba siku ya harusi yao bibi harusi aliinuka kitini mara nne kwenda kuangalia kama kuku wamefungiwa. Pilika alikanusha vikali. Alisema ni mara mbili.

Wakati mambo haya yanatokea alikuwa na shughuli kumi na moja. Kwanza alikuwa mkulima, na ukimuuliza kazi yake hilo ndilo jibu ambalo ungepata: mkulima, wa ekari mbili za udongo mwekundu kwenye mteremko. Lakini juu ya kilimo alifuga kuku, alikuwa na mizinga mitatu ya nyuki nyuma ya kilima, alipika sabuni, alishona sare za shule kwa cherehani iliyodondosha mafuta kwenye kila shati jeupe, na aliotesha miche ya miti ndani ya mifuko mitupu ya maziwa. Chumba cha wageni kilikuwa na uyoga. Mgeni akija alilazwa sebuleni, na alfajiri aliamshwa na mtu anayemruka kwenda kumwagilia uyoga. Nyingine sizitaji zote. Nadhani hata mwenyewe kuna siku alisahau moja hadi harufu yake ilipomkumbusha.

"Mama, njia mbili zilimshinda fisi," mumewe alimtania siku moja. "Wewe unazo kumi na moja."

"Fisi hakuwa na shamba la kungojea mvua," alijibu, na kabla sentensi haijaisha alikuwa ameshafika bandani kwa kuku.

Mtu asidhani ni uroho. Ilikuwa hofu, na hofu ile ilikuwa na mwaka wake. Miaka tisa nyuma Pilika aliamini mahindi. Alilima ekari zote mbili, akaweka mbegu ya dukani, akaweka mbolea, akaweka na matumaini yote ya nyumba. Mvua ikaja vizuri kwa wiki mbili, kisha ikaondoka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na haikurudi. Mahindi yalifika magotini yakasimama, yakageuka rangi ya bahasha ya kaki. Mwaka ule binti yake mkubwa, aliyekuwa akishika namba ya kwanza darasani, aliacha shule akaenda kufanya kazi za ndani kwa watu. Mwaka mmoja tu, waliambiana. Binti hakurudi darasani. Sasa ni mtu mzima, ana maisha yake, na hamlaumu mama yake hata kidogo, jambo ambalo Pilika aliliona chungu kuliko lawama. Akajiapiza kwamba nyumba yake haitasimama tena kwa nguzo moja. Akaanza kuchimbia nguzo nyingine, na hakujua pa kuachia.

Na bado, ukizichungulia vizuri nguzo zile, karibu zote zilichimbiwa kwenye ardhi ileile. Mvua ikikosekana nyuki hukosa maua, kuku hukosa punje, miche hukauka, na majirani hawana cha kununulia sabuni. Pilika alilijua hilo, ndiyo maana hakutulia. Kitu pekee kilichomshusha pumzi kidogo kilikuwa mtama.

Mtama wenyewe waliuita Kichwachini, kwa sababu suke lake likikomaa huinama likatazama ardhi, na ndege wakija hawapati pa kutua. Ulikuwa mtama wa mama mkwe wake, na wa mama yake mama mkwe kabla ya hapo. Haukuwa na sura. Punje zake ni ndogo, za rangi ya kutu. Lakini uliridhika na mvua chache za kuhesabika kwa vidole, na mwaka ule mahindi yalipoumbuka, kipande kidogo cha Kichwachini alichopanda mama mkwe nyuma ya choo ndicho kilicholisha nyumba nzima. Hakuna duka lililouza mbegu yake. Ama unao ama huna. Kijiji chote walikuwa nao, na waliutunza kwa namna moja: masuke mazuri ya kila mavuno yalifungwa mafungu, yakatundikwa uchagani juu ya mafiga, na yakishapanda pale hayaguswi mpaka wingu la kwanza la msimu lionekane. Mama mkwe alisema njaa ina mikono. Ukizoea kuichungulia mbegu, siku moja utaipika. Kwa nini uchaga uwe juu ya moto na si mahali pengine, hakumwambia Pilika, akafa, na Pilika hakuwa ameuliza. Watu walidhani ni kwa ajili ya panya.

Shughuli ya kumi na moja ilikuwa majiko. Alijifunza kwenye mafunzo ya siku mbili ya kikundi cha akina mama: udongo wa kichuguu, mchanga, majivu na maji, vikandwe mpaka mikono iume, vyungu viwili juu ya moto mmoja, na nyuma yake bomba la udongo linalopenya ukutani na kutoa moshi nje. Kuni zinapungua nusu, macho hayawashi. La kwanza alilijenga kwake siku chache tu baada ya mavuno, na asubuhi yake alipika huku akiuona ukuta wa pili wa chumba cha jikoni, ukuta ambao hakuwa ameuona sawasawa tangu aolewe. Alifurahi kweli. Lakini mtu aliyekuwa akimfikiria wakati anaukanda ule udongo alikuwa wifi yake.

Huyu alikuwa dada mkubwa wa fundi, mjane, akiishi peke yake nyumba ya tatu kutoka kwao, na alikuwa na kikohozi kilichokupokea kabla ya yeye mwenyewe. Utani wao ulijulikana kijijini kote. Wifi alisema kaka yake hakuoa mke, alioa upepo. Pilika alisema afadhali upepo kuliko jiwe la kusagia, limekaa tu linangoja kuletewa. Chini ya utani huo walipendana, ingawa hakuna kati yao ambaye angelisema hilo hata kwa kiboko.

Pilika alimwendea na toroli lililojaa udongo. Wifi alikuwa jikoni kwake, amekaa kwenye kigoda, macho mekundu, moshi umetanda kutoka paani hadi kifuani mwa mtu aliyesimama. Ubavuni mwake kulikuwa na kigoda cha pili. Kilikuwapo siku zote, na siku zote kilikuwa kitupu.

"Wifi, leo nakujengea jiko. Bure kabisa."

"Silitaki."

"Unakufa na moshi huku unajiona."

"Nitakufa siku yangu ikifika. Kaa kwanza, wifi, nikuambie jambo."

"Sema tu, nakusikia."

"Si la kusimama hili. Hayo majiko yako, hebu tazama hapo juu..." Na kikohozi kikamkamata, kirefu, cha kumkunja.

Pilika aliingia akampa maji, akamsugua mgongo. Lakini nje toroli lilikuwa juani na udongo umeanza kupasuka, jirani yao, Mama Mapacha, alikuwa akimsubiri nyumba ya pili, na mizinga ilikuwa haijakaguliwa tangu juzi. "Nitarudi, wifi. Ngoja niuwahi huu udongo." Akatoka. Na alirudi, usimwone mbaya. Alirudi mara nyingi, na asali ya kikohozi, na mayai, na kipande cha sabuni, na kila mara alikabidhi akiwa amesimama palepale mlangoni.

Udongo ule uliishia kwa Mama Mapacha. Majiko yakashika kasi. Kiangazi kilipofika katikati Pilika alikuwa amejenga ishirini na saba, ukihesabu na la kwake, na kijiji kilikuwa kimebadilika: majiko meupe, vyungu visivyo na masizi, watoto wakichochea moto bila kutokwa machozi. Ni nyumba moja tu iliyoendelea kufuka moshi kwenye nyasi za paa. Watu wakipita walicheka kwamba wifi yake Pilika anakausha samaki. Pilika naye alicheka. Kusema kweli, mzaha huo ulianza kwake.

Wingu la kwanza lilionekana siku ya soko, kabla ya mchana, dogo, lenye tumbo jeusi. Pilika hakungoja la pili. Aliacha shati la mtu chini ya sindano ya cherehani, akaingia jikoni, akapanda juu ya ndoo, akanyoosha mkono uchagani na kufungua fungu la kwanza. Lilikuwa jepesi. Mkono ulijua kabla ya akili. Alipolitikisa, unga laini ulimwagika ukamwingia machoni na puani, na ndani ya unga ule fukusi weusi, wadogo, wasiohesabika, wakaanza kukimbia mikononi mwake. Akashusha fungu la pili. Akashusha la tatu. Akashusha yote. Akajaza maji kwenye karai, akapukuchua masuke, akamwaga. Mbegu nzima huzama, kila mkulima anajua. Hizi zilielea, zote, zikizunguka taratibu juu ya maji, na kila punje ina tundu lake.

Alitazama juu. Miti ya uchaga ilikuwa bado nyeusi kwa masizi ya miaka na miaka, lakini katikati yake buibui walikuwa wamefuma utando. Tangu aolewe hakuwahi kuona buibui pale. Kisha akalitazama jiko lake zuri, na bomba lake zuri, na akaelewa moshi ulikuwa ukifanya kazi gani humo ndani siku zote zile. Akatoka nje haraka, na haikuwa kwa sababu mbegu yake imekwisha. Alikuwa amekumbuka majiko mengine ishirini na sita, na uchaga juu ya kila moja.

Alipita kwanza duka la pembejeo. "Mtama?" mwenye duka alimuuliza. "Ninao wa kulisha kuku, umepasuliwa." Akatoka hapo mbio hadi kwenye kibanda cha mumewe. Fundi alikuwa akitafuta pancha, ameizamisha tyubu kwenye beseni la maji akiangalia povu litokee wapi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Fukusi wapo kila mwaka," alisema. "Nani atajua ni jiko?"

"Mimi najua."

"Wewe unajua mengi. Nakuuliza hao wengine." Aliitoa tyubu majini. "Mama, watu wananunua kwako mayai, sabuni, sare. Ukisema jiko lako limekula mbegu zao, watasema na sabuni yako inachubua. Utazipoteza zote kumi na moja kwa siku moja."

Alikuwa akisema kweli, na alisema kwa upendo, na Pilika alimchukia kidogo kwa hilo. Akatazama juu. Lile wingu lilikuwa limepata ndugu zake.

"Mbegu haiguswi kabla ya wingu, wote ndivyo tulivyofundishwa, na wenzangu hungoja mvua yenyewe," alisema. "Wataishusha asubuhi mvua ikinyesha, kwa haraka, watafukia. Haitaota. Watasema ni mchwa, watasema ni ndege. Watakapojua, mvua itakuwa imekwenda." Akaanza kuondoka, akageuka. "Kuna binti wa mtu ataacha shule."

Fundi aliiweka tyubu chini, akafuta mikono kwenye suruali. "Basi beba karai lako," alisema. "Na chukua baiskeli ile nyekundu, mwenyewe hajaja kuifuata."

Akaanza kwa Mama Mapacha. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alifika kwenye nyumba ya mtu akitamani njia iwe ndefu zaidi. Alipiga hodi, akaomba maji, akaomba fungu moja lishushwe. Mama Mapacha alidhani ni utani, kisha aliuona uso wa mwenzake akapanda mwenyewe. Punje ziliingia kwenye karai na kubaki juu.

"Ni jiko," Pilika alisema. "Moshi ndio ulikuwa unawafukuza. Mimi ndiye niliyeutoa nje."

Mama Mapacha alizikoroga zile punje kwa kidole, kama vile zingebadili mawazo. Hakumtukana. Alimuuliza tu, kwa sauti ya chini, "Sasa tunapanda nini?" Pilika aliliinua karai. Alimwaga maji, akapanda baiskeli.

Siku ile alimaliza nyumba kumi na nne, na kesho yake zilizobaki. Kuna waliolia. Kuna mzee aliyecheka mpaka akashika mbavu, akisema amekwepa nyoka na nzige, akaja kuangushwa na usafi. Kuna kijana aliyetoka na mpini wa jembe akalipiga bomba mpaka likapasuka, huku mkewe akimsihi aliache, kwa sababu mtoto wao alikuwa hajakohoa tangu lijengwe. Mwanamke aliyeagiza sare alisema sare zibaki, atanunua mjini. Pilika hakujitetea popote. Kazi ilikuwa ileile: hodi, maji, fungu, karai, halafu neno lile la jiko, ambalo halikuwa jepesi hata alipolisema mara ya ishirini. Kati ya nyumba zote ishirini na sita, mbegu zilizozama hazikujaza kikombe cha chai. Na muda wote huo upepo ulikuwa umegeuka, majani ya migomba yakipigana, mawingu yakisogeleana kama watu wanaotaka kugombana, na yeye alikanyaga pedali huku akiomba dua ambayo, tangu mwaka ule wa mahindi, hakudhani angeiomba: mvua isinyeshe. Ngoja kidogo. Ngoja.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya wifi. Aliiacha mwisho kwa aibu. Hakukuwa na jiko lake humo, kwa hiyo hakudaiwa maelezo. Alikwenda kuomba, na alikuwa amemcheka mwenye nyumba kiangazi kizima.

"Hodi, wifi."

"Karibu, upepo." Wifi alikuwa kwenye kigoda chake, moto unafuka mbele yake, hakuna chungu juu ya moto. "Umekuja na karai."

"Nimekuja na karai."

"Nimeshasikia. Nyumba nzima nzima zinalia. Maji yale pale."

Pilika alichota maji, na alipoinuka ndipo alipotazama juu, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuingia jiko lile. Uchaga haukuwa mmoja. Ilikuwapo mitatu, imeongezwa miti mipya kutoka ukuta hadi ukuta, na yote ilikuwa imejaa masuke, mafungu kwa mafungu, meusi tititi kwa masizi. Wifi aliinuka kwa shida, akavuta suke moja, akalifikicha kiganjani na kumwaga punje kwenye karai. Zilizama zote kama changarawe.

Pilika alichuchumaa. Aliingiza mkono kwenye maji akazishika chini kabisa ya karai, akazishika tena.

"Wifi. Shamba lako ni robo ekari. Haya yote ya nini?"

"Kila ulipojenga jiko, nami nilitundika fungu. Wakati wa kupura nilikwenda kibarua kwa watu. Wenzangu walitaka kulipwa unga, mimi nikasema nipeni masuke. Kibarua kilipokwisha nikabadilisha unga wangu kwa masuke." Alikohoa, akafuta midomo kwa upindo wa kanga. "Yako ishirini na saba mbele hapo. Hayo ya nyuma hayatoki. Mvua ikidanganya, mtapanda mara ya pili."

"Kwa hiyo ulijua."

"Mama alinionyesha. Nilipoliona tu hilo bomba lako la kwanza nikajua."

Hapo hasira ilimpanda Pilika, hasira ya siku mbili za karai na baiskeli ya mtu. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," wifi alisema. "Ulikuwa unaondoka."

Hakulisema kwa kisasi. Alilisema kama mtu anayetaja siku ya soko. Pilika alisimama pale na karai lake, akaiona ile siku ya toroli, na siku za asali na mayai, na mlango ule, na kigoda kile kitupu.

"Basi ungewaambia hata wengine," alisema.

"Nikawaambie nini? Kwamba jiko la mke wa kaka yangu ni balaa? Nani angenunua sabuni yako? Na ningemtuma kaka yangu kwako, ungesema wifi ana wivu." Alitabasamu kidogo. "Nikaona bora nitundike."

Juu ya rafu, karibu na chumvi, kulikuwa na pakiti ya dawa na kadi ya kliniki. Pilika aliichukua kadi akaisoma, kwa kuwa haikuwa imefichwa. Iliandikwa tangu mwezi uliofuata mavuno: mgonjwa akae mbali na moshi, kabisa.

"Ningekaa mbali, nani angekoka moto?" wifi alisema kabla hajaulizwa. "Asubuhi na jioni. Hata siku ambayo sina cha kupika."

Pilika alilia. Baadaye alisema ni moshi, na ulikuwapo moshi wa kutosha kumsitiri, lakini alilia. Alilia kwa ajili ya kifua kile, na kwa ajili ya mzaha wa samaki. Kisha, kama kawaida yake, akajifuta haraka na kunyoosha mkono uchagani. "Nipe nianze kugawa. Nikikimbia sasa, kabla ya mvua nitakuwa nimefika nyumba kumi."

"Weka chini."

"Wifi, mawingu..."

"Kaka yangu ana baiskeli kumi na mbili pale na miguu miwili. Mwite agawe yeye. Wewe nina kazi yako." Wifi alikuwa ameshika nguzo ya mlango, akipumua kwa kuhesabu. "Majiko yako ni mazuri, sikatai. Watoto hawakohoi tena. Watu wasirudi kwenye moshi. Lakini jiko moja lazima lifuke, la sivyo mwakani tutasimama hapahapa na karai. Na mimi siwezi tena."

Fundi alikuja na baiskeli yenye kapu mbele na nyuma. Hakuuliza mengi. Alimtazama dada yake, akamtazama mkewe, akaanza kupakia. Fungu la kwanza lilikwenda kwa Mama Mapacha, la pili kwa yule aliyepasua bomba. Alikuwa katika mzunguko wa tatu wakati matone ya kwanza yalipoanguka, makubwa, yenye harufu ya vumbi, na kutoka kila upande zikasikika sauti za watu wakiitana mashambani na vyuma vya majembe vikigonga mawe.

Wifi alikuwa amehamia barazani, mbali na moshi, amejifunika shuka mbili. Na jikoni, kwenye kigoda cha pili, alikaa Pilika. Moshi ulimwasha macho. Mvua ilipiga kwenye nyasi za paa, na kila pigo lilimwita kwa jina: shamba halijapigwa mashimo, miche iko nje, mzinga wa chini utaingia maji, shati la mtu bado liko chini ya sindano. Visigino vyake vilikuwa vikipigapiga sakafu vyenyewe. Juu yake yalikuwapo mafungu yaliyosubiri fundi, na nyuma yao yale ya akiba, na siku za mvua unyevu hupanda, na mdudu hapendi kitu kama unyevu.

"Wifi," sauti ilitoka barazani. Kulikuwa na kicheko ndani yake, na kikohozi, ila kifupi kuliko cha kule jikoni. "Nakuona toka hapa. Kuku wako wako nje, wanalowa."

Pilika aliinuka nusu. Alikaa hivyo kidogo, mikono imeshika magoti, uso umeelekea mlangoni. Kisha akajishusha tena kwenye kigoda, akavuta ukuni mbichi, akausukuma ndani ya moto.

"Waache walowe," alisema. "Haya, lile jambo lako. Niambie, nimekaa."